Kufunga magoli ya kikapu majumbani: pesa iko kwenye shimo

Swali: "Shikamoo kaka. Naishi Columbus, Ohio, na familia yangu. Usiku nafanya kazi ghalani, mchana nina pikapu na nguvu. Mwaka huu nimewafungia majirani watatu magoli ya mpira wa kikapu mbele ya nyumba zao, kila mmoja akanipa alichoona kinafaa. Sasa wanaanza kunitaja kwa wenzao na simu zinaingia. Nataka iwe biashara kamili. Je, inalipa? Nianze na nini, na nitoze kiasi gani? Mke wangu ana wasiwasi na mambo ya sheria."

Marahaba, mdogo wangu. Mwambie shemeji kwamba wasiwasi wake una msingi, na nitaufikia. Kwanza tuelewane biashara yenyewe ni ipi, maana naona bado unahesabu magoli. Mteja anaona ubao, ringi na wavu. Hivyo vyote kavinunua mwenyewe, vimekuja kwenye boksi na kitabu cha maelekezo. Kile asichoweza kununua dukani ni shimo lenye kina, lililojaa zege, lenye bolti zilizokaa sawa na uwanja. Wewe unauza shimo. Ukishalielewa hilo, maswali yako ya bei, ya sheria na ya vifaa yatajijibu karibu yote.

Ndiyo maana sheria ya kwanza inahusu ardhi. Kabla ya kuingiza mtaimbo popote Marekani, unapiga 811, namba iliyoanza kufanya kazi nchi nzima mwaka 2007. Ni bure. Anayepiga ni wewe unayechimba, hata kama mwenye nyumba amekwambia "hapa hakuna kitu, nimeishi miaka ishirini". Unaomba siku kadhaa za kazi kabla, na Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Kampuni zenye mabomba na nyaya zitatuma watu kupiga rangi kwenye nyasi: nyekundu ni umeme, njano ni gesi, chungwa ni simu na intaneti, buluu ni maji safi, kijani ni maji taka. Rangi nyeupe ni yako wewe, ya kuonyesha unapotaka kuchimba. Mstari ukishapigwa, usidhani bomba liko hapo hapo chini yake. Ohio inakutaka uwe mwangalifu ndani ya inchi 18 kila upande wa bomba au waya. Humo ndani unachimba kwa mkono, taratibu, mashine kaa nayo mbali. Na mimi ningekushauri, goli likiwezekana kusogezwa, lisogeze tu.

Kuna jambo ambalo mafundi wapya wengi hawalijui: hao wa 811 kwa kawaida wanaweka alama hadi kwenye mita tu. Kinachotoka kwenye mita kwenda uani ni mali ya mwenye nyumba, na hakuna atakayekuja kukuchorea. Bomba la gesi linalokwenda kwenye jiko la nyama choma la nje, waya wa taa za bustani, umeme wa banda, mabomba madogo ya kumwagilia nyasi, ule waya wa kuzuia mbwa asitoke uani. Muulize mteja kimoja kimoja kwa kukitaja, usiulize "kuna kitu chini?" kwa ujumla, kwa sababu atajibu hapana. Majibu yake yaandike kwenye mkataba, asaini, na iandikwe kwamba visivyotajwa si mzigo wako. Halafu inua macho: nyaya za juu, paa linalochomoza, dirisha la jirani ambalo mpira utalipata kila jioni.

Sasa karatasi. La mwanzo kabisa ni hadhi yako ya kuishi hapa. Mwenye makazi ya kudumu, mkimbizi, au mwenye kibali cha kazi kisichofungwa kwa mwajiri mmoja anaweza kujiajiri. Mwanafunzi wa viza ya F-1 au mtu wa H-1B, ile viza ya kazi inayofungwa kwa mwajiri, asiguse biashara hii kabla ya kuonana na mwanasheria wa uhamiaji, hata kama ni goli moja la Jumamosi. Hujaniambia uko upande gani, kwa hiyo anzia hapo.

Ukiwa salama, sajili kampuni ya LLC, ile inayotenganisha mali yako na madeni ya biashara, kwa Katibu wa Jimbo la Ohio. Ada ni dola 99, na Ohio haikudai ripoti ya kila mwaka kama majimbo mengine. Namba ya mwajiri ya kodi, EIN, unaipata bure kwenye tovuti ya IRS, mamlaka ya kodi ya shirikisho, siku hiyo hiyo. Baada ya wiki chache utaanza kupokea barua zenye nembo zinazofanana na za serikali zikikudai pesa za "cheti" au "bango la lazima". Nyingi ni za wafanyabiashara tu wanaochukua majina kwenye orodha ya kampuni mpya. Usilipe chochote mpaka umthibitishe aliyetuma. Leseni ya ukandarasi wa jumla ya jimbo zima Ohio haipo. Leseni za jimbo ni za umeme, mabomba, joto na ubaridi katika majengo ya biashara. Lakini miji na vitongoji vina usajili wao, kwa hiyo kila kitongoji kipya unachopata kazi, piga simu ofisi ya majengo uulize mambo mawili: kama unahitaji kujisajili, na kama goli linaruhusiwa umbali gani kutoka barabarani. Ukanda ule wa nyasi ulio karibu na barabara mara nyingi ni eneo la umma hata kama mteja ndiye anayeukata. Nyumba ikiwa kwenye mtaa wenye chama cha wenye nyumba, kibali cha chama hicho ni kazi ya mteja kukitafuta, na usichimbe mpaka ukione kwa macho.

Bima usiiahirishe. Unataka bima ya madhara kwa wengine, na wateja wakubwa na maduka watakuuliza kama ina kinga ya dola milioni 1 kwa tukio. Chukua makadirio kwa mawakala watatu, na kwa kila mmoja taja wazi maneno haya: kuchimba ardhi, kumwaga zege, kufunga goli la kikapu. Ukijiandikisha kama "fundi wa kazi ndogondogo" ili bei ishuke, siku bomba la gesi linapopasuka wakala atakusomea ukurasa wa vighairi, yaani mambo ambayo bima hailipi. Bima ya kawaida ya pikapu nayo mara nyingi haigusi ajali iliyotokea ukiwa kazini. Na kuhusu msaidizi: Ohio inamtaka kila mwenye mfanyakazi mmoja au zaidi alipie fidia ya wafanyakazi kupitia ofisi ya jimbo lenyewe, huwezi kuinunua kwa kampuni binafsi. Kumwita kijana "kontrakta" hakukusaidii kama wewe ndiye unayempangia saa, unampa koleo na kumwelekeza pa kuchimba. Najua atakuwa binamu au mtu wa kanisani. Undugu hauzuii ubao wa kioo kumwangukia.

Tuingie shimoni. Fuata kitabu cha mtengenezaji wa goli husika, kwa sababu dhamana ya goli inategemea hilo. Magoli mengi ya kuzikwa yanataka kina cha futi 4. Hiyo namba si ya kukutisha. Ardhi ya Ohio huganda wakati wa baridi, na maji yakiganda yanavimba na kuinua kila kilicho juu ya kina cha barafu. Columbus barafu hiyo hushuka karibu futi 3. Ukienda kufanya kazi kusini mwa Minnesota kanuni ya misingi ni inchi 42, kaskazini mwake 60. Kuta za shimo ziwe wima, au chini pawe papana kidogo kuliko juu. Shimo la bakuli, pana juu na jembamba chini, ndilo barafu inalolipenda: inashika ule mdomo wa zege na kuunyanyua mwaka hadi mwaka, na goli linaanza kuinama bila mtu kujua sababu.

Piga hesabu ya zege kabla ya kutaja bei. Shimo la upana wa inchi 24 na kina cha futi 4 lina futi za ujazo 12.5 hivi. Mfuko wa paundi 80 wa zege kavu unatoa futi za ujazo 0.6. Ni mifuko 21, yaani paundi 1,680. Shimo la inchi 18 linakula mifuko 12. Angalia kibandiko cha uzito kwenye mlango wa dereva wa pikapu yako uone inaruhusiwa kubeba nini, ukijumlisha na wewe na msaidizi. Pikapu nyingi za kawaida zitakuwa zimefika mwisho kwa mifuko hiyo tu, bado mashine na toroli. Afadhali ulipe duka lipeleke zege kwa mteja siku moja kabla. Na udongo unaotoka shimoni una uzito wa kukaribiana na huo. Muulize mteja mapema utamwagwa wapi. Kama ni wewe wa kuubeba, hiyo ni bei nyingine.

Udongo wa mfinyanzi wa huko kwenu utakuchosha. Kodisha mashine ya kuchimba mashimo, fanya nayo tundu la kati, halafu panua kwa koleo la mashimo na mtaimbo. Weka turubai kwenye nyasi kabla ya kumwaga udongo. Mteja hatakumbuka ulichimba vizuri kiasi gani, ila duara la nyasi zilizokufa atalikumbuka hadi majira ya joto yajayo.

Bolti ndizo kazi yenyewe. Zege likishajaa unazamisha ile fremu ya bolti, na hapo una dakika chache za kuhakikisha mambo matatu. Bamba la fremu hiyo liwe sambamba na ukingo wa sehemu ya kuchezea; pima kwa kamba iliyonyooshwa, usiamini jicho, kwa kuwa nyuzi chache za kupinda chini zinaonekana wazi kabisa kwenye ubao wa futi 6. Pima maji ikae sawa pande zote mbili. Na uso wa zege uwe usawa wa sakafu ya kuchezea, si usawa wa nyasi. Hili la tatu ndilo linaloharibu kazi nyingi. Ringi ya halali iko futi 10 juu, kipimo kilichotokana na ukingo wa roshani ambako James Naismith alitundika vikapu vya pichi huko Springfield, Massachusetts, mwaka 1891. Magoli mengi ya kupandishwa na kushushwa yanaishia hapo hapo futi 10. Ukiweka zege inchi 4 chini ya sakafu, ringi itaishia futi 9 na inchi 8, na hakuna spana itakayoipandisha. Nyuzi za bolti zifunge kwa utepe kabla ya kumwaga zege, utanishukuru wakati wa kukaza nati.

Kisha ondoka. Watengenezaji wengi wanataka angalau saa 72 kabla ya kusimamisha nguzo, na joto likiwa chini ya nyuzi 40 za Farenhaiti, usimwage zege bila kulifunika na kulilinda. Mteja atakusihi, mtoto ana sherehe Jumamosi. Mwambie hapana kwa upole.

Safari ya pili ni ya nguzo na ubao. Kwa ubao wa akriliki wa inchi 54 watu wawili wanatosha. Kioo kilichoimarishwa kwa joto cha inchi 72 tafuta watatu, au winchi. Kioo hicho kina nguvu ya ajabu usoni na udhaifu mkubwa pembeni. Kona yake ikigusa zege kwa kishindo kidogo tu, ubao wote unageuka punje. Kilaze juu ya zulia au kadibodi, na bolti zikaze kidogo kidogo kwa zamu. Unapofungua goli la zamani, kumbuka mikono yake mara nyingi ina springi zilizobanwa na uzito wa ubao. Ukiutoa ubao bila kuifunga mikono kwanza, itaruka juu na kukuvunja taya. Nyumba ikiwa na vijana wanaojining'iniza kama Hasheem Thabeet, yule Mtanzania aliyecheza NBA, mshauri mteja anunue goli lenye ringi ya kujikunja. Na usikubali kufunga goli kwenye ukuta au paa la gereji kwa sababu tu ni rahisi; paa lile halikujengwa kubeba mtu anayening'inia.

Sasa bei, na hapa ndipo naomba unisome taratibu. Mafundi huru katika miji mingi hutoza kati ya dola 400 na 900 kufunga goli la kuzikwa, bila bei ya goli. Tuseme wewe unatoza 650. Zege 125, msaidizi kwa safari zote mbili 120, kukodi mashine 80, mafuta na vidogovidogo 45. Umebaki na 280. Hiyo 280 bado haijalipa bima wala kodi. Ukijiajiri, IRS inataka asilimia 15.3 ya sehemu kubwa ya faida yako kwa ajili ya hifadhi ya jamii na Medicare, bima ya afya ya wazee, juu yake kodi ya mapato, na jiji la Columbus lina kodi yake ya asilimia 2.5. Malipo ya awamu ni Aprili 15, Juni 15, Septemba 15 na Januari 15. Fungua akaunti ya pembeni, na kila malipo yakiingia hamishia humo robo au zaidi ya faida kabla hujaizoea.

Lakini chukua hesabu ileile uchimbe mashimo mawili siku moja, mtaa mmoja. Mashine sasa ni 40 kwa kila shimo, msaidizi 100, mafuta 25. Kila goli linakuachia 360. Hukuongeza hata senti kwa mteja. Biashara hii ina safari mbili kwa kila kazi, na anayepata faida ni yule anayepanga safari hizo zikutane: Jumanne kuchimba upande wa kaskazini, Jumamosi kurudi kusimamisha yote. Usimpe mteja siku anayoitaka yeye. Mpe siku unayokuwa mtaani kwao, na kama anaitaka siku yake maalumu, bei ipande.

Makadirio ya bei yaandike ukiwa umeona uwanja, au angalau picha na video ya sehemu yenyewe. Weka bei ya msingi ya shimo la kawaida, halafu nyongeza zilizotajwa waziwazi: kukuta mwamba au mizizi mikubwa, kukata zege lililopo, kubeba udongo, kung'oa goli la zamani, kubeba boksi kutoka barabarani. Boksi la goli kubwa linaachwa ukingoni mwa barabara na lori la mizigo, na mteja anashangaa kwamba hawezi hata kulisogeza. Lifungue mapema uhesabu vipande. Ukikosa bolti moja siku ya kusimamisha goli, safari ya ziada unailipia wewe. Chukua malipo ya awali yanayotosha zege. Jambo jingine: mkataba uliosainiwa nyumbani kwa mteja mara nyingi unaangukia kwenye kanuni ya shirikisho inayompa siku 3 za kazi za kughairi, na unatakiwa umpe taarifa hiyo kwa maandishi. Usiione kama kero. Siku hizo zinakwenda sambamba na zile za kusubiri rangi za 811, kwa hiyo hupotezi kitu ukisaini na kupiga simu siku ileile.

Kuhusu kupata kazi, usinunue magoli ya kuweka stoo. Fungua ukurasa wa biashara kwenye Google, weka picha za kazi zako zilizopita, waombe majirani wale watatu waandike maoni yao. Tembelea maduka ya michezo yanayouza magoli lakini hayafungi. Meneja anapenda kuwa na namba ya kumpa mteja. Kampuni za kati zinazogawa kazi za ufungaji zitakupa kazi nyingi kwa bei ndogo. Zitumie kujaza siku zenye pengo, zisiwe ndizo chakula chako.

Na kuna kazi ambazo mafundi wengi wanazipita. Familia zinahama na zinataka goli liende nazo. Nguzo inafunguliwa kwenye bolti, wewe unaagiza seti mpya ya bolti ya mtengenezaji yuleyule na kuchimba shimo kwenye nyumba mpya, halafu unamtoza pia kwa kukata bolti za zamani. Kuna wanaonunua nyumba yenye goli lililopinda na wanataka litoke. Kuna magoli ya magurudumu, ambayo hayana shimo, na kwa hiyo ni mahali pazuri pa kuanzia kabla bima yako haijakamilika vizuri kwenye uchimbaji. Tangi la kitako chake, la galoni 35, likijaa maji lina uzito wa paundi 290 hivi, lakini maji hayo yataganda Januari na kulipasua. Shauri mchanga. Wapo wanaotia dawa ya kuzuia kuganda ya magari, nayo ni sumu kwa mbwa tangi likivuja.

Kule nyumbani goli angelichomelea fundi wa chuma mtaani kwa bomba na nondo, na pengine umeshawaza kufanya hivyo huku, utengeneze ya kwako uuze. Usifanye hivyo. Ukifunga goli la kiwandani unawajibika kwa shimo na ufungaji. Ukilitengeneza mwenyewe unawajibika kwa kila kitu mpaka mtoto wa mwisho atakapolichezea.

Swali la kama uache ghala sasa: hapana, si mwaka huu. Msimu wa Ohio unaanza theluji inapoyeyuka, unashika kasi Mei na Juni, unafifia Oktoba. Desemba utapigiwa simu na wazazi walionunua goli kama zawadi ya Krismasi, na ardhi imeganda. Hao wachukulie malipo ya awali na uwaweke kwenye orodha ya Aprili, mtaa kwa mtaa. Orodha hiyo ikijaza wiki sita za mwanzo wa msimu, kaeni wewe na shemeji muongee juu ya zamu ya usiku, mkikumbuka pia bima ya afya ya watoto inatoka wapi kwa sasa.